Jibu: Simu inaninyima usingizi na nguvu za mchana

Ndugu, nimekuelewa: unapanda kitandani saa nne, unashtuka saa nane usiku bado unaperuzi video, asubuhi mwili mzito na kazi huiwezi. Anza na chaja. Ihamishie sebuleni, simu ilale huko. Ya kukuamsha nunua saa ya mezani, zile za betri moja. Makundi ya WhatsApp yanyamazishe moja kwa moja, si kwa masaa 8 tu; bakiza la familia. (La kamati ya harusi watanuna, waache.) Usifute app zote kwa hasira, utarudi kwa kishindo. Jioni cheza mpira, au tembea hadi gengeni bila simu mkononi. Ila kama hata bila simu usingizi hauji kwa wiki kadhaa, au huna hamu ya chochote, muone daktari.