Muulize Mwalimu: Ni bure, lakini majani ya ng'ombe atakata nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Binti yangu yuko darasa la sita, shule ya serikali. Amerudi nyumbani na karatasi: kuna kituo kimefunguliwa kwenye ukumbi jirani na shule yao, kwa watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili. Wanakwenda baada ya vipindi, Jumatatu na Jumatano, mpaka saa kumi na moja jioni. Sayansi, kusoma vitabu, kuchora, chesi. Hakuna kulipa hata senti tano. Majirani wananiambia hakuna cha bure, nitakuja kulia. Mwalimu wake wa twisheni amenuna, maana siku hizo mbili atakosa shilingi 500 zake. Na bibi mzaa baba anauliza majani ya ng'ombe atakata nani. Nimruhusu?
Mama wa Pasua

JIBU: Marahaba, mama. Majirani zako nawafahamu, hata kama sijawahi kuwaona. Mwaka 2016 serikali ilipofuta ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne, walikuwepo waliosema maneno hayohayo. Ada iliondoka kweli. Kilichobaki ni sare, madaftari na tumbo la mtoto, na hivyo mzazi anavibeba mpaka leo. Kituo chako nacho kitakuwa na mabaki yake, na hayo ndiyo ya kuulizia, siyo neno bure lenyewe.

Anza na tumbo. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri, ikifika saa tisa alasiri anamwangalia mwalimu lakini hayupo. Uliza kama wanapika uji. Kama hawapiki, wewe unauza ndizi, sina la kukufundisha. Nauli umepona kwa sababu ukumbi uko jirani na shule. Wenzako wa Kiboriloni au Majengo wanaopeleka watoto mbali wajue kwamba nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwenye karatasi, lakini jioni konda akiona kundi la sare kituoni ghafla anakuwa na haraka.

Halafu uliza nani analipa. Usione haya. Pango la ukumbi lina mwenyewe, na chaki pia. Inaweza kuwa kanisa, msikiti, wafadhili wa nje, au vijana wa chuo wanaojitolea. Wote sawa kwangu, mradi wakujibu bila kuzungukazunguka, na wakuambie fedha ni za muda gani. Kituo kinachofungwa katikati ya mwaka bila taarifa kinamvunja mtoto moyo kuliko kituo ambacho hakikufunguliwa kabisa.

Sasa kubwa zaidi. Mwalimu mkuu anawajua hawa watu? Mtendaji wa mtaa je? Wamekupa fomu ya ruhusa ya kusaini, au wanachukua mtoto kama anavyokuja? Nataka ukumbi uwe na watu wazima wawili au zaidi muda wote, mlango ukae wazi, na pasiwepo mtu wa kumbakiza mtoto peke yake baada ya wenzake kuondoka kwa kisingizio cha kufagia. Kwa kumaliza saa kumi na moja ana muda wa kufika nyumbani kukiwa bado kweupe, lakini masika mvua ikikazana giza huwahi, kwa hiyo apate wenzake wawili watatu wa njia moja. Na namba 116 mwandikie nyuma ya daftari. Ni simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Ukisharidhika na hayo, nenda mwenyewe siku moja bila kutoa taarifa, ukae nyuma na khanga yako utazame. Ukikuta watoto wamejipanga wananakili maswali ya mitihani iliyopita ubaoni, basi hiyo ni twisheni iliyopunguzwa bei, na binti yako anayo tayari. Ukitaka kujua ninachokitafuta mimi, nikueleze nilichokiona kwenye kituo cha namna hiyo hapa mjini. Watoto walitolewa nje na fito ya mita moja na kamba yenye vipimo, wakaambiwa wapime urefu wa mwembe bila kuupanda. Kelele zilizotokea hapo! Mvulana mmoja akataka kurusha jiwe lenye kamba. Msichana mwembamba, soksi zimeshuka, akasimamisha fito wima juani akapima kivuli chake: sentimita 80. Akatazama kivuli cha mwembe, akatazama tena cha fito, kisha akamvuta mwenzake washike kamba. Mita 12. Wakachuchumaa kwenye vumbi wakagawanya kwa kijiti. Mwembe una mita 15. Mwalimu wao wakati wote huo alikuwa amekunja mikono, na nakwambia kukunja mikono ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu. Uwiano ule binti huyo alikuwa ameshafundishwa darasani, akajaza kwenye daftari, akapigiwa vema. Siku hiyo ndipo alipoutumia.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja. Mwanao anasoma kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na nimewaona watoto hodari wa darasa la saba wakinyamaza mwaka mzima kwa sababu hiyo tu. Ulizia kama kituoni wanazungumza Kiingereza wakiwa wanafanya kitu: wanapima, wanacheza chesi, wanasimuliana kitabu walichosoma. Lugha inayoingia hivyo inakaa. Ile ya kukariri orodha ya maneno inatoka na jasho.

Mwalimu wa twisheni mpe salamu zangu. Siku tatu zinambakia, na mtoto wa miaka 12 anayefundishwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, wiki nzima, hafundishwi tena, anachoshwa.

Kuhusu ng'ombe, bibi asipuuzwe, maziwa yale ndiyo madaftari. Lakini chini ya barua yako umeandika kwamba unaye pia kijana wa kidato cha tatu hapo nyumbani. Mundu anaujua? Jumatatu na Jumatano ni zake. Akikuambia kukata majani ni kazi ya wasichana, mwambie aniandikie mimi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi niko kidato cha pili, Arusha, Ngarenaro. Naenda kwenye programu ya bure ya jioni na naipenda, lakini wageni wakija tunaambiwa tushike vitabu tupigwe picha, hata kama siku hiyo hatusomi. Mara moja niliambiwa nivae shati lililochanika ili nionekane nahitaji msaada. Nikikataa nitafukuzwa?
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. La kushika kitabu ningelimeza. La shati sikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuhesabu wewe kuwa mtoto mpaka utimize miaka 18, na inakupa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayokuhusu. Picha yako inakuhusu. Mwambie mama au mlezi wako, aende yeye akaongee na mkuu wa programu, kwa upole, kwamba mwanangu atapigwa picha akiwa na nguo zake na kwa ruhusa yangu. Watu wa maana wataomba radhi siku hiyohiyo. Wakikutoa kwa sababu hiyo, shuleni kwako ulizia kama kuna klabu ya Malihai. Hizo ni za wanafunzi wanaopenda wanyama na mazingira, zilianza mwaka 1980, na makao yake yako hapo hapo Arusha. Maktaba ya mkoa nayo ipo, na mkutubi hatakuomba uchane shati.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi seremala mstaafu, Arusha. Nataka kuwafundisha watoto wa mtaani kwangu useremala baada ya shule, bure, kwenye karakana yangu. Nianzie wapi?
Fundi

JIBU: Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha afisa elimu kata, wajue uko wapi na siku gani. Mambo ya kusajili shirika na kutafuta mfadhili yasubiri, karakana moja haihitaji mhuri wa kufungulia. Chukua watoto wachache unaoweza kuwaona wote kwa jicho moja, wasichana wakiwemo, na mtafute mama wa jirani akae nawe. Choo na maji viwepo. Mashine za umeme zifungiwe, waanze na msumeno wa mkono, randa na stuli ya miguu mitatu, maana hiyo haiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya. Na patasi zihesabiwe kabla hawajaondoka.