Kulinda tawi na kamba mnapopanda miti kwa burudani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kamba mnayopandia mwembe wa nyumbani kwenu Mbezi imeanza kutoa manyuzi, na kwamba gome la tawi limechubuka. Yote mawili yanatokana na msuguano wa kamba inayopita moja kwa moja juu ya tawi. Chini ya gome kuna tabaka jembamba lililo hai, ambalo likikatwa kulizunguka tawi lote, sehemu iliyo mbele ya jeraha hufa. Kwa hiyo nakusihi mliache tawi hilo lipone.

Tumieni mkanda wenye pete mbili za chuma uliotengenezwa mahsusi kwa upandaji miti, ili mkanda utulie juu ya tawi na kamba ipite ndani ya pete. Wengine huvisha kamba kipande cha mpira wa maji, lakini mimi naupendelea mkanda, kwa kuwa mpira huweza kuteleza na kuiacha kamba wazi.

Shukeni polepole, kwani nailoni huyeyuka kwa joto la msuguano. Ipapaseni kamba yote kabla ya kupanda, na mkikuta sehemu iliyokakamaa au kuwa nyembamba, msiipande tena. Mkiifua, ianikeni kivulini, maana jua la Dar es Salaam huidhoofisha.