Oili ya difu kwenye giaboksi ya Fuller
Ndugu, umeuliza kama unaweza kutia oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma), ile ya 80W-90 yenye alama ya GL-5 (daraja la oili ya gia zenye mzigo mkali), katika giaboksi ya Fuller Roadranger ya lori lako la zamani, kisha uongeze kichupa cha dawa ya kupunguza kelele. Mimi nisingefanya hivyo. GL-5 imetiwa salfa na fosforasi kwa wingi ili ihimili msuguano mkali wa meno ya difu, lakini viungo hivyo, joto linapopanda, huweza kuila shaba iliyomo ndani ya giaboksi. Eaton, watengenezaji wa Fuller, wameelekeza oili ya SAE 50 (SAE ni kipimo cha uzito, yaani mnato, wa oili), na hawataki iongezwe dawa yoyote. Namba zisikutishe: SAE 50 ya injini na SAE 90 ya gia zinakaribiana sana kwa uzito, ila mizani ya kuzipimia ni tofauti. Kelele ya beringi iliyochakaa, kwa vyovyote vile, haiponi kwa dawa. Mwaga oili ingali moto, ukague sumaku ya kizibo: unga laini ni kawaida, lakini ukiona vipande, giaboksi ifunguliwe. Difu iachie GL-5 yake.