Mgodi si mjomba wako

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana anayeishi jirani na mgodi mmoja wa dhahabu huku kwetu Kanda ya Ziwa. Ameandika kirefu, ila kiini chake ni hiki: "Dada, hawa wageni wanachimba tangu niko darasa la pili. Wametujengea zahanati na kisima. Mimi nina diploma na kampuni nimeshasajili BRELA, lakini sijawahi kupata hata tenda ya maji ya kunywa. Nifanyeje?" Nimeshamjibu faraghani, lakini najua mko wengi mnaoitaka hiyo tenda, basi naweka hapa tusome wote.

Kwanza, mdogo wangu, acha kuhesabu zahanati. Zahanati ndiyo inayopigwa picha, ina utepe na mgeni rasmi, kwa hiyo watu wanadhani huo ndio mchango wa mwekezaji. Hela zenyewe ziko kwingine. Sheria zilipobadilishwa 2017, mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la serikali kwenye thamani ya madini, ulipandishwa hadi asilimia 6, na juu yake kukawekwa asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Kwa migodi ya Barrick ndipo ilipozaliwa Twiga, kampuni ya ubia na serikali, baada ya ule mvutano mrefu wa makinikia, yaani mchanga wenye madini. Halmashauri nayo inachukua ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo. Hayo yote yanapita juu yetu, yanakwenda Hazina au halmashauri, sisi tunayasikia kwenye taarifa ya habari.

Kinachotuhusu mimi na wewe ni manunuzi. Mgodi unakula kila siku. Unahitaji mafuta, nondo, ovaroli, buti, mayai, mboga, mabasi ya wafanyakazi, walinzi, wafua nguo, vitanda vya kambini. Kampuni ya kigeni inaweza kukujengea zahanati nzuri sana na bado ikaagiza mpaka makufuli kutoka nje. Ukitaka kumpima mwekezaji, usimuulize ametoa nini. Muulize ananunua wapi.

Haya sikuyasoma kwenye semina. Karakana yangu iko Nyakato, Mwanza. Nilianza na vitanda na makabati, nikapata jina 2016 kwenye kampeni ya madawati, pale Rais Magufuli alipowapa wakuu wa mikoa mpaka Juni wawe wamemaliza upungufu. Mwaka ule kila mwenye mashine ya kuchomelea alikula. Baadaye mgodi mmoja (jina nabaki nalo, na si huo wa kijijini kwenu) ukatangaza kutoa madawati kwa shule za jirani. Tenda ikabebwa na kampuni ya Dar es Salaam ambayo haikuwa na hata nyundo. Wakaniletea kazi mimi, kwa bei iliyokatwa vibaya. Mafundi wangu walikuwa wamekaa tu, nikaichukua.

Nataka mjue dawati zuri linavyotengenezwa, maana watu wanadhani ni chuma na mbao basi. Skwea paipu ikiwa nyembamba, mtoto wa darasa la saba akiegemea mgongo tu inalegea. Mbao za paini ni lazima ziwe zimekauka; mbichi inapinda, na skrubu zinaanza kutoka kabla ya muhula kwisha. Halafu pale kwenye maungio unapiga grenda mpaka upitishe kiganja bila kuchubuka, kwa sababu pale ndipo magoti ya watoto yanapogonga. Nilipitisha mkono mwenyewe, dawati kwa dawati, mafundi wakinicheka kwamba bosi anabembeleza chuma. Hakuna hata moja lililorudishwa.

Siku ya makabidhiano nilikwenda kwa nauli yangu. Turubai limefungwa, meza kuu ina vitambaa, wachezaji wa bugobogobo wameshaanza kutoka jasho. Kila dawati limebandikwa stika ya nembo ya mgodi. Meneja akasema kampuni yake inajivunia kurudisha kwa jamii. Mshereheshaji akashukuru wadau wote, akashukuru mpaka mwenye spika. Karakana iliyotengeneza madawati haikutajwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na mafundi wangu, na ankara yangu bado haijalipwa. Ilikuja kulipwa miezi mingi mbele, riba ya benki ikiwa imeshaimaliza faida yote. Mwaka uliofuata nikayaona madawati yangu kwenye kalenda ya mgodi, mwezi wa tano. Mpaka leo roho inaniuma, na sina haraka ya kuponywa.

Basi nikaacha kusubiri wa Dar waniletee mabaki, nikaenda halmashauri.

Hapa ndipo wengi hamjui, na ndipo penye faida. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho yale ya 2017, kinamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri husika. Maana yake huo si ukarimu wa meneja. Ni mpango wa maandishi, wenye miradi na thamani yake, unaojadiliwa na watu mliowapigia kura. Kama mpango una madarasa, kuna mtu atauza madirisha. Kama una wodi ya wazazi, kuna mtu atatengeneza vitanda. Kwa nini usiwe wewe?

Mara ya kwanza ofisa mmoja alinitoa nje, akaniambia nyaraka zile si za wafanyabiashara. Nikarudi na diwani. Nikasoma orodha nzima nimesimama koridoni, nikanakili kwenye daftari la mauzo. Katikati naruka, zilikuwa ni foleni, fomu na mihuri. Itoshe kusema mwaka uliofuata vitanda vya kituo cha afya vilitoka Nyakato kwa jina langu, ankara yangu, risiti yangu ya EFD. Na leo nauzia migodi moja kwa moja, makabati ya wafanyakazi na rafu za stoo. Nina mafundi kumi na wawili. Waliosema mwanamke hawezi biashara ya vyuma, salamu zenu.

Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta mpango. Usisubiri tangazo, tangazo likitoka wenzako wameshajua bei. Nenda kwa diwani, nenda kwa mtendaji wa kata, uliza mwaka huu mgodi umekubali nini. Ukinyimwa, rudi. Ukinyimwa tena, rudi na mtu mwenye sauti kuliko wewe.

La pili, makaratasi. TIN, leseni, cheti cha mlipakodi, NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), OSHA (usalama na afya kazini). Kazi za halmashauri siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, jisajili kabla hujahitaji. Najua inachosha. Mgodi hautamwamini mtu ambaye TRA haimjui.

La tatu nalisema kwa ukali: usikodishe jina lako. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinawapa kipaumbele kampuni za wazawa, na kampuni ya kigeni inayotaka kuuzia mgodi inatakiwa iungane na kampuni ya wazawa na kuipa hisa zisizopungua asilimia 20. Nia ni nzuri. Ila sasa kuna watu wanazunguka na fomu, wanakutafuta wewe kijana wa kijijini usaini uwe mbia. Hujui akaunti iko benki gani, hujawahi kuiona hata stoo, mwisho wa mwezi unatumiwa laki mbili kwenye simu. Huo ni udanganyifu, ni kosa kisheria, na siku mambo yakiharibika jina lililoandikwa pale ni lako. Ukitaka ubia, uwe ubia wa kweli, uingie kwenye vikao na usaini hundi.

Na hawa wawekezaji nao wasijione malaika. Nimeona barabara inayoishia geti la mgodi, inayopitisha magari ya mgodi, imeandikwa kwenye taarifa kama zawadi kwa wananchi. Hapana, mzee. Hiyo ni barabara yako, sisi tunaitumia kuuzia mahindi ya kuchoma. Ila na sisi tunachosha. Kwenye magrupu ya WhatsApp tunalia wageni wanatunyonya, kesho asubuhi tunapanga foleni kuomba jezi za timu ya kijiji. Mtu aliyezoea kuomba jezi ataonekanaje siku akija kuuza ovaroli mia tano? Jiheshimu kwanza, mdogo wangu, ndipo uandike barua ya tenda.

Halafu jiandae kusubiri hela. Mgodi unalipa, lakini unalipa kwa kalenda yake. Kama huna mtaji wa kukaa miezi mitatu bila malipo, chukua oda ndogo. Na usiweke mayai yote huko, maana madini yana mwisho na yana siasa. Waulizeni Kahama. Mgodi wa Bulyanhulu ulipopunguza shughuli mwishoni mwa 2017 kwenye sakata la makinikia, maumivu hayakuishia kwa walioachishwa kazi, yalifika kwa mama lishe na wenye nyumba za kupanga. Mgodi wa Buzwagi nao ukaacha uzalishaji 2021 kwa kuwa dhahabu imekwisha, zahanati haikuweza kuzuia hilo. Mimi oda za migodi hazizidi nusu ya kazi za karakana. Wiki hii tuko kwenye mabenchi ya parokia moja ya Igoma, na paroko ametanguliza nusu ya malipo kabla fundi hajakata bomba la kwanza.