PHP 7.4 kwenye Ubuntu 22.04: iacheni OpenSSL ya mfumo mahali pake

Wadogo zangu, kila kundi jipya linalopewa mfumo wa zamani kuuhamisha hukwama pale pale: `make` (amri ya kujenga programu kutoka msimbo wake) ya PHP 7.4 inakatika ikilalamika kwamba haiijui `RSA_SSLV23_PADDING`. Kompaila haijakosea. Ubuntu 22.04 imekuja na OpenSSL 3 (OpenSSL ni maktaba ya usimbaji fiche), ambayo imeliondoa jina hilo, na PHP imeanza kuelewana na OpenSSL 3 kwenye toleo la 8.1. Mkiweza kupanda hadi huko, pandeni, kwa sababu 7.4 haipati viraka vya usalama tangu Novemba 2022. Mwenye mfumo akikataa kata kata, itabidi muijenge 7.4 kwa OpenSSL ya zamani, 1.1.1; endeleeni kusoma.

1. Tafuta `error:` ya kwanza kwenye logi, si ya mwisho. Ukiendesha `make -j8` mistari huchanganyikana, kwa hiyo rudia kwa `make -j1` uone vizuri.

2. Usisakinishe OpenSSL 1.1.1 kwa `--prefix=/usr`, yaani ndani ya saraka za mfumo wenyewe. Hili ndilo linaloumiza, na linaumiza kwa kuchelewa. Siku hiyo PHP inajengeka, watu wanapongezana. Maktaba zenyewe hazigongani, kwani moja ni `libssl.so.1.1` na nyingine `libssl.so.3`. Kinachofutwa kimya kimya ni `/usr/bin/openssl` na heda (faili zinazomweleza kompaila yaliyomo kwenye maktaba) zilizo `/usr/include/openssl`. Wiki mbili baadaye mwenzako anakompaili programu nyingine kabisa: inasoma heda za 1.1.1, halafu inalinkiwa na maktaba ya 3. Anapata `undefined reference to SSL_get_peer_certificate`. Katika OpenSSL 3 jina hilo limebaki kuwa makro tu ndani ya heda, inayoelekeza kwenye `SSL_get1_peer_certificate`. Ndani ya maktaba halimo. Maskini atashinda siku nzima akikagua msimbo wake usio na kosa lolote.

Ikiwa limeshatokea, rudi kwenye saraka ya chanzo cha OpenSSL, piga `sudo make uninstall`, kisha `sudo apt install --reinstall openssl libssl3 libssl-dev`. Fuata mpangilio huo. Ukianza na apt, `make uninstall` itafuta tena heda ulizotoka kuzirudisha.

3. Ya zamani ipe nyumba yake:

`./config --prefix=/opt/openssl111 --openssldir=/opt/openssl111 --libdir=lib shared -Wl,-rpath,/opt/openssl111/lib`

Kisha `make` na `sudo make install_sw`, ambayo haisakinishi kurasa za mwongozo usizozihitaji. Kabla ya `./configure` ya PHP:

`export PKG_CONFIG_PATH=/opt/openssl111/lib/pkgconfig`
`export LDFLAGS=-Wl,-rpath,/opt/openssl111/lib`

Hakikisha `pkg-config --modversion openssl` inajibu 1.1.1. Ikijibu 3, usiendelee hata hatua moja. Na kama ulishajaribu kujenga mwanzoni, piga `make distclean`, la sivyo faili za `.o` za jana zitaingia kwenye kazi ya leo. Msiweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `/etc/environment`, jamani. Rpath, yaani njia ya maktaba iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, inaigusa PHP peke yake, ile nyingine inagusa kila anayeingia kwenye seva.

4. Baada ya kusakinisha PHP (hapa nachukulia iko `/opt/php74`), angalia php-fpm, huduma inayoendesha PHP kwenye seva, inatumia maktaba zipi:

`ldd /opt/php74/sbin/php-fpm | grep -E 'ssl|crypto'`

Ukiona `.so.1.1` na `.so.3` kwa pamoja, kuna maktaba nyingine imekuja na OpenSSL ya mfumo. Mara nyingi ni libcurl au libpq. Kinachoelemea OpenSSL moja kwa moja kijengwe nacho dhidi ya `/opt/openssl111`, kwa sababu michakato yenye OpenSSL mbili ndani inaweza kuanguka kwa namna isiyotabirika.

5. PHP ikianza kukataa kila tovuti ya HTTPS kwa `certificate verify failed`, si mtandao. OpenSSL uliyoijenga haina vyeti vyovyote ndani ya `/opt/openssl111/certs`. Weka kwenye `php.ini`: `openssl.cafile=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt`, kisha anzisha upya php-fpm.