Uvimbe "unakwepa", "unaponyoka" au "unatoroka" kinga ya mwili?

SWALI: Ninaandika muhtasari wa tasnifu yangu kwa Kiswahili. Nimetumia milinganyo miwili kuonyesha jinsi uvimbe wa saratani unavyopambana na seli za kinga. Niliandika "uvimbe unatoroka kinga ya mwili". Msimamizi wangu akasahihisha "unakwepa kingamwili". Lipi sahihi? Na herufi T niifanyeje, maana nimeitumia kwa uvimbe na huku kuna seli T, aina mojawapo ya seli za kinga?

JIBU: Tuanze na kingamwili, kwa sababu hapo kuna kosa la maana kabisa. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili zinase vimelea na vitu vigeni. Kinga ya mwili ni mfumo mzima, na kingamwili ni sehemu yake moja tu. Milinganyo yako inahesabu seli zinazoua, haihesabu protini hizo. Ukiandika "unakwepa kingamwili", msomaji mjuzi atatafuta ndani ya modeli kitu ambacho hakimo. Andika "kinga ya mwili", na pale unapotaja idadi andika "seli za kinga".

Sasa vitenzi. Mtu hukwepa ngumi, hukwepa swali, hukwepa kodi: pigo linakuja, naye anapinda lisimpate. Kuponyoka kunataka kwanza uwe umeshikwa. Samaki huponyoka mkononi. Kutoroka nako kunataka kizuizi, lakini kuna dhamira ndani yake na kuna kuondoka mahali. Mfungwa hutoroka gerezani. Uvimbe hauendi popote, kwa hiyo "toroka" ningeiacha. "Epuka" haifai pia, kwani aliyeepuka ajali haikumfika, ilhali uvimbe tayari umekutana na kinga.

Zinabaki "kwepa" na "ponyoka", na haya si maneno mawili ya jambo moja. Modeli yenyewe inayatenganisha. Chukua ile ya Kuznetsov na wenzake ya mwaka 1994, iliyolinganishwa na data za limfoma ya BCL1, saratani ya seli za limfu, kwenye panya. Nikiita uvimbe U na seli za kinga zinazoua K, mabadiliko kwa siku ni haya:

U: aU(1 − bU) − nKU
K: s + pKU/(g + U) − mKU − dK

Hapa a ni kasi ya ukuaji wa uvimbe na b huuwekea ukomo; n ni kasi ya seli za kinga kuua zile za uvimbe. Kwa seli za kinga, s ni zinazoingia kila siku, p na g huonyesha jinsi uvimbe unavyozichochea ziongezeke, m ni kulemazwa kwake na d ni kufa kwake.

Seli ya saratani ikipunguza molekuli za MHC juu ya utando wake, zile zinazoionyesha seli T kilichomo ndani, seli T haioni cha kushambulia. Ikiweka protini ya PD-L1 juu yake, protini hiyo inashika kipokezi cha PD-1 cha seli ya kinga iliyofika na kuituliza. Hiyo ndiyo kukwepa, na makao yake ni kwenye vigezo: n hupungua, pengine p hupungua au m huongezeka. Kuponyoka hakuna kigezo chake. Ni matokeo ya milinganyo yote miwili ikienda pamoja: uvimbe uliokuwa umebanwa kwenye msawazo, yaani pale idadi isipobadilika, unavuka mpaka na kukua hadi ukomo.

Tazama namba. Katika modeli hiyo a ni 0.18 kwa siku, yaani uvimbe usioguswa huongezeka maradufu kwa siku 3.9 hivi. Uvimbe uliobanwa hukaa kwenye seli milioni 8.2, nukta ya mpakani, inayotenganisha kubanwa na kuponyoka, iko karibu na milioni 268, na ulioponyoka hutulia karibu na milioni 447. Sasa punguza n kwa nusu, kutoka 1.101 × 10⁻⁷ hadi 5.505 × 10⁻⁸, bila kugusa kingine. Nukta ya kubanwa inapanda hadi milioni 9.7 tu. Uvimbe umekwepa, tena kwa kiasi kikubwa, lakini haujaponyoka. Kilichobadilika zaidi ni kwamba nukta ya mpakani imeshuka hadi milioni 237 hivi, kwa hiyo kuponyoka kumekaribia. Mwandishi anayetumia neno moja kwa yote mawili anamficha msomaji jambo ambalo modeli ilitungwa ili ilionyeshe.

Kwa hatua tatu zinazotajwa sana na wataalamu wa kinga na saratani, basi, ningesema kuangamizwa, msawazo na kuponyoka. Kukwepa ni njia mojawapo ya kufikia hatua ya tatu.

Vifo navyo vinahitaji uangalifu uleule. Seli za kinga katika dK *zinakufa* zenyewe. Katika mKU *zinalemazwa* zinapokutana na uvimbe. Seli za uvimbe katika nKU *zinauawa*. Ukiandika "zinakufa" kila mahali, vipengele vitatu vya hesabu vinakuwa kimoja.

Kuhusu T: usiitumie kwa uvimbe. Katika maandishi ya Kiingereza herufi hiyo ni ya jina lao la uvimbe, na seli T huingia ndani ya E, herufi yao ya seli za kinga zinazoua. Ukiinakili ilivyo, sentensi kama "T huua T" itakuja kukuumbua. U na K zinasomeka kwa Kiswahili, na "seli T" inabaki na jina lake.

Mawili madogo. Uvimbe *umekua*, haujakuwa, na nomino ni *ukuaji*. W moja inageuza kuongezeka kuwa jambo lingine. Kisha "kiwango cha ukuaji" hakielezi kama unataja kiasi au mwendo. Andika "kasi ya ukuaji" na utaje kipimo: a ni kwa siku, lakini n na m ni kwa siku kwa kila seli. Kipimo kikikosekana, anayerudia hesabu yako ataweka K kwa mamilioni huku n ikisubiri seli mojamoja, na uvimbe wake utaponyoka kwa kosa la uandishi.

Sentensi yako ya muhtasari inaweza kusomeka hivi: "Seli za uvimbe zinapokwepa seli za kinga, kigezo n hupungua na mpaka wa msawazo husogea, hata uvimbe uliokuwa umebanwa ukaweza kuiponyoka kinga ya mwili."