Je, simu ya mfukoni inamaliza mbegu za kiume?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34 na ni wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu mtaani Umoja, Nairobi. Kutwa huwa nimeketi kibandani, simu ya kazi ikiwa mfuko wa kushoto na yangu mwenyewe, inayonigawia intaneti, mfuko wa kulia. Ikifika alasiri hii ya pili huwa imepata moto hadi naihisi pajani. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuoane na hatujajaliwa mtoto. Mke wangu amekwisha kupimwa mara mbili na hakuonekana na kasoro yoyote. Shemeji yangu anasema mionzi ya simu ni ile ile ya tanuri ya maikrowevu, na kwamba nimejipika mwenyewe. Je, ni kweli?
Wakala, Umoja

JIBU: Ndugu Wakala, shemeji yako ameshika nusu ya ukweli. Wi-Fi na tanuri ya maikrowevu hutumia mawimbi yanayokaribiana sana, ya kama gigahezi 2.4, na mawimbi ya simu yamo katika ukoo huo huo. Yanapoachana ni kwenye nguvu: tanuri humimina wati 700 hadi 1,000 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, ilhali simu, hata inapohangaika kutafuta mtandao, haizidi wati 2, na mara nyingi hutoa kiasi kidogo mno kuliko hicho. Mawimbi haya hayawezi kuvunja vinasaba moja kwa moja kama ifanyavyo eksirei. Athari yake isiyo na ubishi ni kupasha joto. Hata hivyo swali lako lina uzito, kwa sababu korodani zimewekwa nje ya kiwiliwili ili zipoe nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na zikipata joto jingi kwa muda mrefu, utengenezaji wa mbegu huzorota.

Utafiti unaonukuliwa sana ni ule wa Cleveland Clinic, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ambapo kati ya wanaume 361 waliofika kliniki ya uzazi, waliotumia simu kwa saa nyingi zaidi kila siku ndio waliokuwa na mbegu chache na dhaifu zaidi. Mimi huupokea kwa tahadhari, kwani mtu anayeshinda kwenye simu huenda pia anashinda amekaa, anavuta sigara au halali vya kutosha. Kilichonifanya nisipuuze jambo hili ni jaribio la Argentina la mwaka 2012. Matone ya shahawa za wanaume 29 yaliwekwa kwa saa 4 chini ya kompyuta ya mkononi iliyounganishwa na Wi-Fi, halijoto ikidhibitiwa, na mbegu hizo zikapoteza mwendo na vinasaba vyake vikakatika zaidi kuliko za matone yaliyowekwa mbali. Lakini mbegu iliyo ndani ya kisahani cha maabara haina ngozi wala nyama ya kuikinga.

Uswisi, mwaka 2023, zilitolewa takwimu za vijana 2,886 wa miaka 18 hadi 22. Waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na kiwango cha kati cha mbegu milioni 44.5 kwa mililita, na walioigusa kwa nadra, isiyozidi mara moja kwa wiki, milioni 56.5. Pengo lipo, ila zingatia kwamba Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa chini kwenye milioni 16, kwa hiyo hata kundi la kwanza lilikuwa mbali juu yake. Isitoshe, kuweka simu mfukoni mwa suruali hakukuonekana kuhusiana na upungufu huo.

Linalonisumbua katika barua yako ni jingine. Mkeo amepimwa mara mbili. Wewe hujasema umepimwa hata mara moja. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume ana sehemu yake ya tatizo, peke yake au pamoja na mke. Nenda upimwe shahawa. Jizuie kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7, kisha utoe sampuli pale pale maabara bila kutumia sabuni wala mafuta, kwani inapaswa kuanza kuchunguzwa ndani ya saa moja, na foleni ya Barabara ya Jogoo haijali hilo. Mwombe daktari akupapase pia: mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo vidoleni huhisika kama minyoo iliyojikunja mfukoni, hupatikana kwa zaidi ya theluthi moja ya wanaume wenye tatizo la uzazi, na hutibika. Kama umewahi kuchomwa sindano za homoni za kiume ili utunishe misuli, usimfiche, maana hizo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Simu ziweke juu ya meza, hasa hiyo inayogawa intaneti, haikugharimu chochote. Majibu ya kwanza yakiwa mabaya, rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na safari hiyo mwende pamoja na mkeo.